Punda Analia, Kengele Inalia: Sauti na Taswira za Wanyama katika Filamu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, watengenezaji wa filamu mliohudhuria, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Naomba nianze na kitenzi kimoja. Katika Kiswahili mtoto aliyeumia hulia, mbuzi aliyefungwa hulia, bundi aliye mtini hulia, kengele hulia, na bunduki nayo hulia. Vitenzi mahususi tunavyo: simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, nyuki huvuma. Hata hivyo, tunapomsikia mnyama tusiyemwona, kitenzi kinachotangulia ulimini ni kile kile tunachomtumia binadamu anayetokwa na machozi. Tukisema kwamba punda analia, bado hatujasema kama punda huyo ana huzuni, ana njaa, anamwita mwenzake, au anatoa sauti tu kama kengele inavyotoa sauti ikigongwa. Lugha yetu imeliacha swali hilo wazi, na mazungumzo yangu ya leo yamo ndani ya uwazi huo, kwa kuwa naamini kwamba filamu, tangu ilipopata sauti, imekuwa ikiishi humo.

Mnyama hana habari kwamba anarekodiwa. Hakuandikiwa maneno, hakufanyishwa mazoezi, wala hajui kama mlio wake utawekwa kwenye tukio la mazishi au la harusi. Kwa hiyo maana yote tunayoisikia katika mlio huo imewekwa na mtu, yule aliyeuchagua, akaukata, akaupunguza kasi, akaamua usikike kabla mlango haujafunguka na si baada ya kufunguka. Mara nyingi mtu huyo hamwachii mnyama hata sauti yake mwenyewe, humwazimia ya mwingine. Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nitajaribu kuonesha kwamba katika filamu sauti ya kuazima husitiri vizuri mno, kiasi kwamba sauti ya asili ikijitokeza ndiyo tunayoiona ya uongo. Kisha nitakaa zaidi na kazi chache ambazo zimeazima kwa namna nyingine, au zimekataa kuazima kabisa.

Simba aje kwanza, kwa kuwa ndiye anayefungua pazia. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer imetumia sura ya simba kufungulia filamu zake tangu mwaka 1924. Simba wa kwanza, aliyeitwa Slats, alionekana bila kusikika, kwa sababu filamu zenyewe zilikuwa bubu. Mngurumo ulianza kusikika mwaka 1928, wa simba aliyeitwa Jackie, ukipigwa kwa santuri ndani ya ukumbi. Katika miaka ya 1980 mhariri wa sauti Mark Mangini alipoutengeneza upya mngurumo wa nembo hiyo, alitumia sauti za chui milia, na tangu hapo mfalme wa pori amekuwa akifumbua kinywa chake ili mnyama mwingine asikike. Sababu yake inaeleweka. Mngurumo halisi wa simba una kazi ya kuwaarifu simba wengine kwamba fulani yupo na eneo lina mwenyewe; hutolewa zaidi usiku, na usiku uliotulia huweza kusikika hadi umbali wa kilomita 8. Ni taarifa, karibu niseme ni anwani. Anapowinda, simba hunyamaza. Methali yetu ililijua jambo hilo zamani: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba wa filamu hafuati methali. Hunguruma wakati ule ule anaporuka, yaani katika dakika ambayo simba halisi angekuwa kimya, kwa sababu mngurumo huo haukukusudiwa kusikiwa na swala. Umekusudiwa kusikiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, ambaye lazima aambiwe ni sekunde gani ya kuogopa.

Mifano ya aina hiyo ni mingi, na nitaipitia kwa haraka kwa sababu imeshasimuliwa mara nyingi na wapenda ndege, ambao hukerwa nayo kuliko watu wengine wote. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya Marekani, ana mlio mwembamba wa kukatikakatika usiolingana na ukubwa wake, basi filamu humpa mlio wa mwewe mwenye mkia mwekundu, ambao ni mrefu, mkali, wenye mwangwi wa majabali. Chura wa filamu nyingi, awe katika kinamasi cha bara lolote, hulia kama chura mmoja mdogo wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa jirani wa studio za Hollywood na ndiye aliyenaswa. Kukabura, ndege wa Australia mwenye mlio unaofanana na kicheko cha mtu, alitumiwa katika filamu za Tarzan za miaka ya 1930 kuwa sauti ya msitu wa Afrika. Mfano huu wa mwisho una jambo zaidi ya kosa la elimu ya ndege. Aliyeuchagua mlio ule alitaka msitu unaocheka, msitu unaomdhihaki anayeingia, na hakujali kama ndege huyo anaishi ng'ambo ya bahari, kwa kuwa msitu wenyewe haukuwa mahali; ulikuwa hofu iliyopandwa miti. Kinyume chake, mlio wa bundi unaowekwa ili kusema tu kwamba sasa ni usiku unaweza kumfikia mtazamaji mwingine kama taarifa ya msiba, na mhariri aliyeutoa kwenye maktaba yake ya sauti asijue kamwe kwamba katika ukumbi mmoja mtu ameshamhesabu mhusika kuwa marehemu.

Kazi ya kuazima ilipata mabingwa wake katika filamu za viumbe wasiokuwepo. Mwaka 1933, katika "King Kong", Murray Spivack alichukua milio ya simba na chui milia, akaipunguza kasi na kuichezesha kinyumenyume. Miaka 60 baadaye, katika "Jurassic Park", Gary Rydstrom alikabiliwa na tatizo la ajabu: hakuna binadamu aliyewahi kumsikia dinosaria, na hata hivyo kila mtazamaji angejua kama amedanganywa. Mngurumo wa yule dinosaria mkubwa ulijengwa kwa mlio wa mtoto wa tembo, chui milia na mamba, na pumzi zake zikatokana na nyangumi anayepuliza hewa juu ya maji. Wale dinosaria wadogo wenye akili, wanaowasaka watoto jikoni, sehemu ya mawasiliano yao ilitoka kwa kobe waliorekodiwa wakipandana. Naona mmecheka, nami nilicheka nilipolifahamu jambo hilo mara ya kwanza, kisha nikairudia filamu na kicheko kikakataa kuja. Pale jikoni hakuna kobe. Tendo ambalo kwa kobe ni la kuendeleza uhai limekuwa kwa watoto wale sauti ya kifo, na hakuna kilichobadilika isipokuwa picha iliyowekwa mbele yake. Ben Burtt, katika "Star Wars" ya mwaka 1977, alikwenda mbali zaidi alipochanganya mlio wa tembo na mvumo wa gari linalopita kwenye barabara yenye maji, akaupa mchanganyiko huo kwa ndege za kivita za maadui. Mamilioni ya watu wamemsikia tembo akipita juu ya vichwa vyao angani bila kujua kwamba ni tembo, lakini nadhani mwili ulijua.

Nasema mwili ulijua nikiwa na msingi fulani. Daniel Blumstein, mtaalamu wa tabia za wanyama katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akichunguza milio ya marmoti, mnyama wa milimani wa jamii ya kindi, na mayowe ya watoto wao wanaponaswa. Mlio wa mnyama aliyefikia kikomo cha hofu huvuka uwezo wa koo linaloutoa. Hupasuka, hukwaruza, huruka ghafla kutoka sauti ya juu hadi ya chini. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa sauti za filamu zaidi ya 100, na wakaona kwamba katika filamu za kutisha mayowe yenye mkwaruzo wa namna hiyo yalikuwa mengi kuliko ambavyo ingetarajiwa. Watengenezaji hawakuwa wamesoma elimu ya marmoti. Waliitafuta kwa sikio sauti ambayo viumbe wenye watoto wamezoea kuikimbilia au kuikimbia, wakaipata. Kwa hiyo tunaposema kwamba mlio wa mnyama katika filamu ni ishara, tujihadhari. Ishara husomwa, na kusoma kunahitaji muda, ilhali mlio uliopasuka humfikia msikilizaji kabla hajapata nafasi ya kusoma chochote. Maana tunayoipa baadaye, tukiwa tumetulia na kuandika makala zetu, ni sahani iliyoletwa mezani baada ya mgeni kushiba.

Kuna kiumbe mmoja wa kubuni ambaye hakuazimiwa mnyama yeyote, naye ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Mwezi Machi mwaka 1954 wavuvi wa Kijapani waliokuwa katika mashua iitwayo Daigo Fukuryū Maru walinyeshewa majivu ya sumu ya jaribio la bomu la haidrojeni lililofanywa na Marekani katika kisiwa cha Bikini. Mwezi Novemba mwaka huo huo ikatoka filamu ya "Godzilla", habari ya zimwi la baharini lililoamshwa na mabomu ya aina hiyo. Mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, Akira Ifukube, alilegeza nyuzi za fidla kubwa ya besi, na nyuzi hizo zikasuguliwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Sauti iliyonaswa ikachezwa kwa kasi tofauti. Kilichopatikana huanza kama chuma kinachochanika na kuishia kwa mteremko mrefu wa kuchoka. Nimeusikiliza mlio huo mara nyingi nikijiuliza niutumie kitenzi gani. Linanguruma? Kinywa kimefunguka kama cha mwenye kunguruma. Lakini mteremko ule wa mwisho si wa mwenye kushambulia. Zimwi linaliteketeza jiji, na zimwi linalia, na huwezi kulitenganisha lililounguza na lililounguzwa, na kwa maoni yangu ndiyo sababu filamu ile imebaki hai wakati mazimwi mengi yaliyokuja baadaye, yenye milio mikubwa zaidi, yamesahaulika.

Hadi hapa nimezungumzia sikio. Jicho nalo lina historia yake, na historia hiyo ilianza wakati filamu haikuwa na sauti kabisa. Mwaka 1925, mwishoni mwa filamu yake kuhusu mgomo wa wafanyakazi, Sergei Eisenstein, mwongozaji wa filamu wa Kisovieti, alikata picha za askari wakiwafyatulia risasi wafanyakazi na kuziunganisha na picha za fahali akichinjwa machinjioni. Mwaka 1936 Charlie Chaplin alifungua "Modern Times" kwa kundi la kondoo wanaosukumana zizini, kisha wafanyakazi wanaosukumana wakitoka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Vitabu vya kufundishia huziweka kazi hizi mbili pamoja kama mifano ya tashbihi ya filamu: watu kama ng'ombe, watu kama kondoo. Mimi naona zinatofautiana sana. Kondoo wa Chaplin wanarudi malishoni. Tena katikati yao kuna kondoo mmoja mweusi, na mzaha huo mdogo unamtambulisha mhusika mkuu kabla hatujamwona. Fahali wa Eisenstein hakurudi. Waigizaji waliolala chini kama maiti waliinuka, wakapangusa vumbi na kwenda kula, ila fahali alikuwa amekufa kweli, na tashbihi iliyotaka kutufanya tuwaonee uchungu watu ilitushawishi kwa damu pekee iliyokuwa ya kweli katika tukio zima. Nguvu yake siikani. Nasema tu kwamba katika tashbihi hiyo upande mmoja ulilipa gharama yote. Katika Marekani ilibidi farasi arushwe kutoka kwenye genge hadi kufa, wakati wa kutengeneza filamu ya "Jesse James" iliyotoka mwaka 1939, ndipo shirika la kutetea wanyama lilipoanza kuwasimamia wanyama wanaotumiwa katika filamu, kuanzia mwaka 1940.

Djibril Diop Mambéty wa Senegal aliingia machinjioni pia, naye hakutoka na tashbihi. Filamu yake ya mwaka 1973, "Touki Bouki", jina la Kiwolofu lenye maana ya safari ya fisi, huanza na mvulana aliyepanda ng'ombe, akija kutoka mbali na kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu, filimbi ikisikika juu yao. Ni picha ya amani, na mtazamaji aliyezoea kuoneshwa Afrika ya namna hiyo hustarehe. Halafu tunaona wanakopelekwa. Filimbi inakatika, zinabaki kwato juu ya sakafu yenye maji, kamba, visu, na ng'ombe anayevutwa huku amekaza miguu. Muda mfupi baadaye tunamwona Mory, kijana wa Dakar, akiendesha pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe mbele, pembe zikiwa zimetangulia usukani. Yeye na mpenzi wake Anta wanataka kupanda meli waende Paris, na sehemu kubwa ya filamu ni ujanja wao wa kutafuta nauli. Kila pikipiki inapopita tunaziona pembe zile, na kwa kuwa tumeshapitishwa machinjioni hatuwezi kuziona kama pambo.

Kisha inakuja bandari. Anta ameshapanda, Mory yuko kwenye ngazi ya meli, na honi ya meli inalia. Mambéty anakata, na tunamwona tena ng'ombe anayevutwa, amekaza miguu. Mory anageuka na kukimbia. Sina mfano mwingine, katika filamu zote nizijuazo, wa sauti na picha ya mnyama zilizofungamana kwa ukamilifu huo. Honi haijachanganywa na mlio wa ng'ombe kama ambavyo wahandisi wa Hollywood wangefanya; ni honi ya meli, basi. Lakini pembe, kabla haijawa fuvu juu ya pikipiki, ni kitu kinachopulizwa ili watu waitike, na mkono wa mhariri umefanya honi ilie kama kinywa cha ng'ombe aliyejua aendako. Tashbihi ya Eisenstein ilikuwa ya mtengenezaji akitwambia sisi. Hapa kana kwamba ni Mory mwenyewe anayeusikia mfanano huo, na unamwamulia maisha yake. Na yule fisi wa jina la filamu? Haonekani. Mambéty alimhifadhi hadi mwaka 1992, katika filamu iliyobeba jina la fisi waziwazi, aliyoitoa katika tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt, ambamo mwanamke aliyerudi na utajiri anautaka mji umuue mwanamume aliyemtelekeza ujanani. Mwishoni watu wa mji wanamzingira, wanamsonga, na wanapoachana pamebaki koti lake tu. Hapahitajiki picha ya meno. Kwa haki ya fisi mwenyewe niongeze kwamba kile tunachokiita kicheko chake hutolewa mara nyingi anapobanwa au anapokimbizwa kwenye chakula, kwa hiyo anayecheka ndiye aliye na shida. Filamu za katuni zimemfanya mnyama huyu mpumbavu katili kwa sababu tu koo lake linafanana na letu mahali pabaya.

Alfred Hitchcock naye ana somo tofauti, la ukimya. "The Birds" ya mwaka 1963 haina muziki uliotungwa kwa namna ya kawaida. Milio ya ndege wanaoshambulia ilitengenezwa mjini Berlin na Oskar Sala pamoja na Remi Gassmann kwa ala ya umeme iitwayo Trautonium, chini ya usimamizi wa mtunzi Bernard Herrmann. Hiyo maana yake ni kwamba mayowe yale yanayotutoboa masikio hayakutoka katika koo la ndege. Ndege wa filamu hiyo walipewa sauti ya mtambo, na unaweza kuhisi kwamba kilichoasi ni kitu kikubwa kuliko ndege. Usiku familia inapojifungia ndani ya nyumba iliyopigiliwa mbao, karibu hatuwaoni washambuliaji. Tunawaona watu wanne wakizisikiliza kuta. Mwigizaji mmoja anajikunyata kwenye kona ya kochi, akijisogeza nyuma kutoka kwa kitu ambacho hakimo chumbani, na midomo inadonoa mlango kutoka nje hadi mbao zinachanika.

Na bado tukio linalonikosesha usingizi katika filamu hiyo ni la mchana, la uwanja wa shule. Mwanamke ameketi kwenye benchi akivuta sigara. Ndani watoto wanaimba wimbo mrefu wenye kurudiarudia. Nyuma yake, juu ya vyuma vya watoto vya kuchezea, anatua kunguru mmoja. Tunarudi kwa mwanamke. Tunarudi kwenye vyuma, wameongezeka. Hawalii. Kila aliyewahi kukaa karibu na kunguru anajua kwamba kundi la kunguru halikai bila makelele, na ule ukimya wao, uliofunikwa na sauti za watoto, unatuambia kuhusu nia yao kwa uwazi ambao mlio wowote usingeufikia. Hatimaye mwanamke anamwona kunguru mmoja angani, anamfuata kwa macho, na macho yanampeleka kwenye vyuma vilivyojaa weusi. Hitchcock aliyajua yale ya simba mwenda pole. Alijua pia kuacha mwanya: wale ndege wawili wadogo wa jamii ya kasuku, ambao waliletwa kama zawadi ya mzaha mwanzoni, wanatoka salama ndani ya tundu lao, kwa sababu msichana mdogo anaomba wachukuliwe akisema hawajamdhuru mtu. Hatuwezi kuwatia ndege wote katika fumbo moja, na filamu inakataa kutusaidia.

Ukimya ulikwenda mbali zaidi katika "The Silence of the Lambs" ya mwaka 1991. Jina la filamu ni la wanakondoo, na kiini chake ni usiku ambao msichana yatima aliamshwa na mayowe yao walipokuwa wakichinjwa, akafungua zizi, nao wakakataa kukimbia. Mtengenezaji mwingine angetupeleka kwenye zizi hilo. Jonathan Demme anatuacha na nyuso mbili zilizotenganishwa na nondo za kizimba, msichana yule, sasa mwanamke mzima, akisimulia na mfungwa akisikiliza, na wanakondoo wanabaki ndani ya kichwa cha yule mwanamke, na sasa ndani ya vichwa vyetu. Kila mtazamaji amewasikia, na kila mmoja amewasikia wake. Kondoo wa Chaplin walionekana ili tuwasahau na kuwatazama wafanyakazi. Hawa hawaonekani, na hakuna aliyewasahau.

Nimebakiza filamu moja, na nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonipa kitenzi nilichoanza nacho. Robert Bresson alitoa "Au hasard Balthazar" mwaka 1966, habari ya punda anayepita mikononi mwa mabwana mbalimbali katika kijiji cha Ufaransa. Maandishi ya mwanzo yanapopita kinasikika kinanda kikipiga sonata ya Franz Schubert, polepole, kwa adabu kubwa. Ghafla punda analia. Analia kwa koo lake lote, kwa kile kikohozi cha kuvuta na kutoa ambacho hakuna mtu anayekipenda, na kinanda kinanyamaza. Anapomaliza, kinanda kinaendelea pale kilipoachia. Wapo wanaosema kwamba hapo Bresson anaufanyia muziki mzaha, na wapo wanaosema kwamba anamtukuza punda. Mimi nasikia jambo rahisi zaidi: sauti mbili zimepewa nafasi katika kazi moja, na hakuna iliyotengenezwa ifanane na nyingine. Hakumpunguza punda kasi. Hakumchanganya na chui.

Katikati ya filamu Balthazar anaingizwa kwenye sarakasi akivuta mkokoteni wa majani, na unasimama mbele ya vizimba kimoja baada ya kingine. Chui milia anamtazama. Yeye anamtazama chui. Dubu. Sokwe. Tembo, jicho lake moja tu likijaza skrini. Hakuna neno wala muziki wa kutwambia wanawaza nini, na nadiriki kusema kwamba ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyoyaona katika filamu, ingawa hayachukui hata dakika mbili. Punda huyu amepewa tafsiri nyingi, za utakatifu, za mateso yasiyo na kosa, za Kristo mwenyewe, na Bresson aliyaacha malango ya tafsiri hizo wazi. Lakini katika mapito ya vizimba mlango unafungwa. Wanyama wanaangaliana, nasi hatumo.

Mwishoni Balthazar amebebeshwa mali ya magendo kuvuka mpaka usiku, risasi zinapigwa, wenye mali wanakimbia. Asubuhi yuko peke yake mlimani, amejeruhiwa. Linakuja kundi la kondoo wenye kengele shingoni, linamzunguka, naye anapiga magoti na kulala katikati yao. Kinanda cha mwanzo kinarudi, na safari hii hakuna mlio wa kukikatiza, kwa kuwa aliyekikatiza hana tena nguvu. Kisha kinanda nacho kinakoma. Kondoo wanaanza kuondoka, punda amelala, na kengele zinalia.